"Maziwa yanamkataa" au ana aleji? Kamati zijue tofauti

Na Mratibu wa Miradi



Katika ziara za ufuatiliaji wa miradi kwenye sharika za pembezoni mwa jiji, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, swali moja limekuwa likijirudia kila tunapokaa na kamati zinazosimamia uji na maziwa ya watoto wa chekechea. Mzazi amefika na kusema, "Mwanangu ana aleji ya maziwa." Kamati ifanye nini? Wapo wanaomfuta mtoto kwenye orodha siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaosema mtoto anadeka, atazoea, na wanaendelea kumpa. Kila uamuzi kati ya hiyo miwili unaweza kuwa sahihi, na kila mmoja unaweza kuleta madhara makubwa, kwa sababu neno "aleji" katika mitaa yetu limebeba hali mbili tofauti kabisa. Ya kwanza humsumbua mtu tumbo na haimuui. Ya pili inaweza kumuua mtoto kabla hajafikishwa hospitali.

Somo la toleo hili linahusu tofauti hiyo. Tunaomba lisomwe kwenye kikao cha kamati, na mwalimu wa chekechea pamoja na mama anayepika wawepo, kwa kuwa wao ndio wanaoshika kikombe.

Sukari ambayo tumbo haliwezi kuikata

Ndani ya maziwa ya wanyama wote tunaowakamua, na ndani ya maziwa ya mama pia, kuna sukari iitwayo laktosi. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za sukari hiyo katika kila mililita 100, na ya mama yana karibu gramu 7. Laktosi ilivyo haiwezi kupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Lazima kwanza ikatwe vipande viwili, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktesi. (Majina haya mawili yanachanganya hata wanafunzi wa chuo. Yenye "o" ni sukari, na chenye "e" ni mkasi wa kuikatia.)

Mtoto mchanga huzaliwa na laktesi ya kutosha, kwa sababu maziwa ndiyo chakula chake chote. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa sehemu kubwa ya wanadamu, mwili hupunguza utengenezaji wa kimeng'enya hicho mwaka hadi mwaka. Mtu huyo akinywa maziwa mengi akiwa mkubwa, laktosi hupita bila kukatwa mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huichachua na kutoa gesi, na sukari yenyewe huvuta maji. Ndipo tumbo linajaa, linanguruma, linasokota, na mara nyingi mtu anahara. Dalili hizi huanza kati ya nusu saa na saa kadhaa baada ya kunywa. Watu wa Pwani wana usemi mzuri kwa hali hii, husema "maziwa yananikataa". Kitaalamu inaitwa kutostahimili laktosi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kiasi. Mwenye hali hii si kwamba hana laktesi hata tone, bali anayo kidogo. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipitia tafiti zilizokuwepo na kuona kwamba vijana na watu wazima wengi wa aina hii wanaweza kumudu gramu 12 za laktosi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha mililita 250, bila dalili yoyote au kwa dalili ndogo tu. Kikigawanywa na kunywewa pamoja na chakula, mambo huwa mepesi zaidi. Ndiyo maana utamkuta mzee anayesema maziwa yanamkataa, lakini kila asubuhi anakunywa chai ya maziwa na vitumbua na hapati shida. Maziwa yaliyomo kwenye kikombe chake ni robo au theluthi tu.

Wengi wetu tuko hivyo

Hapa tunaomba wahisani wetu wa Ulaya watusikilize kwa makini kidogo. Kwa mtu wa Ulaya ya Kaskazini, maziwa ni chakula cha kila mtu, mtoto na mzee, na tumbo lake limezoea hivyo kwa vizazi vingi. Kwa muda mrefu hata madaktari wa nchi hizo walidhani wanadamu wote wako kama wao, na mwenye kuharishwa na maziwa ni mgonjwa. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1960, na Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1966 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa G. C. Cook na S. K. Kajubi kuhusu makabila ya Uganda. Waliona kwamba upungufu wa laktesi ulikuwa wa kawaida kwa Waganda watu wazima, ilhali kwa watu wa asili ya ufugaji kama Wahima na Watutsi hali ilikuwa kinyume chake.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2007 katika jarida la Nature Genetics. Uliongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, na miongoni mwa watafiti wenzake alikuwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili hapa Dar es Salaam. Walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mmoja alinyweshwa maji yaliyochanganywa na gramu 50 za laktosi, ambazo ni sawa na zilizomo katika lita moja hivi ya maziwa ya ng'ombe, kisha sukari ya damu ikapimwa. Ikipanda, maana yake laktosi imekatwa na kupenya. Kwa wafugaji Wabeja wa Sudan, watu 88 kati ya 100 waliweza kuikata. Kwa Wasandawe wa katikati ya Tanzania, ambao asili yao ni uwindaji, waliweza 26 tu kati ya 100. Ajabu iliyowashangaza hata watafiti ni Wahadzabe, watu wasiofuga kabisa, ambao karibu nusu yao waliweza.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba uwezo wa wafugaji wetu hautokani na badiliko lile la urithi ambalo wanasayansi wa Finland walilitambua kwa Wazungu mwaka 2002. Ni badiliko jingine, lililozuka huku kwetu katika kipindi kinachokadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, baada ya watu kuanza kufuga ng'ombe. Kwa lugha nyingine, watu wa Kaskazini ya Ulaya na wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata uwezo uleule kwa njia mbili tofauti. Jambo hili si la kufurahisha wasomi tu. Kipimo cha vinasaba kilichotengenezwa kwa kufuata badiliko la Wazungu pekee kinaweza kumwambia Mmaasai kwamba hawezi kunywa maziwa!

Sasa tuangalie madarasa yetu. Mkoa wa Pwani na eneo la Dar es Salaam havikuwa nchi ya ng'ombe wengi, mojawapo ya sababu ikiwa ni mbung'o. Mzaramo na Mndengereko walikuza watoto kwa samaki, mihogo na tui la nazi. Kisha jiji likapanuka, akaja Mchaga, Mnyaturu, Mgogo, Mmakonde na Msukuma, na watoto wao wote wameketi mkeka mmoja pale Mbagala. Na sisi tuliotoka mikoa ya Kaskazini, ambao ni wengi kwenye kamati, tumekuja na imani kwamba asiyependa maziwa ana kasoro. Hana kasoro. Duniani kote wanaopungukiwa laktesi ukubwani wanakadiriwa kuwa karibu theluthi mbili ya watu.

Hata hivyo, kamati isije ikaanza kugawa maziwa kwa kabila. Ndani ya kila kabila wapo wanaoweza na wasioweza, kama takwimu zile zinavyoonyesha. Vilevile, laktesi haikatiki ghafla siku ya kuachishwa ziwa. Watoto wetu wengi wa miaka 3 hadi 5 bado wanayo ya kutosha kwa kikombe kimoja kidogo, na hivyo mradi wa maziwa kwa chekechea haukukosewa. Wanaosumbuka zaidi ni wale wakubwa wa darasa la tano na kuendelea, na wazazi wao.

Hali ya pili: mwili unapopigana na maziwa

Aleji ya maziwa, au mzio, haihusiani na sukari hata kidogo. Inahusu protini za maziwa, hasa kaseini na beta-laktoglobulini. Kinga ya mwili, ile ile inayotukinga na vijidudu, inakosea na kuziona protini hizo kuwa ni adui. Inatengeneza kingamwili dhidi yake, na kila zinapoingia tena mwili mzima unaingia vitani.

Dalili zake kwa kawaida huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Ngozi hutoka mabaka yaliyovimba na kuwasha. Midomo, macho au ulimi huvimba. Mtoto hutapika, anakohoa mfululizo, kifua kinabana na kutoa mluzi, sauti inakuwa ya kukwama. Ikizidi, shinikizo la damu hushuka, mtoto analegea na kupoteza fahamu. Kuna pia aina ya polepole inayowapata zaidi watoto wachanga, ambayo huonekana kwa kutapika mara kwa mara au kinyesi chenye damu, na hii hugunduliwa na daktari.

Kiasi hapa hakina maana ile ya mwanzo. Kwa mtoto mwenye aleji kali, kijiko kilichokorogea maziwa na kisha kutumbukizwa kwenye uji wake kinaweza kutosha. Ni hali ya watu wachache. Makadirio ya Ulaya na Marekani hayazidi watoto 3 kati ya 100 wenye umri mdogo, na wengi wao hupona kadiri wanavyokua. Kwa hiyo zinakwenda kinyume: kutostahimili laktosi huja na umri, aleji ya maziwa kwa kawaida huanza utotoni, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na wengi huiacha njiani.

Mitego minne tunayokutana nayo

Mtego wa kwanza ni mbuzi. Katika maombi ya miradi tunayopokea, tumesoma zaidi ya mara moja kwamba mbuzi wa maziwa wanaombwa "kwa ajili ya watoto wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe". Mbuzi wa maziwa ni mradi mzuri. Anakula kidogo, anatosha kwenye kiwanja cha Chamazi, na katika utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi anazunguka haraka kuliko ng'ombe. Lakini asiombwe kwa sababu hiyo. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi vilevile. Na laktosi yake ni karibu sawa, gramu 4 na kitu kwa mililita 100. Mhisani akisoma sababu hiyo kwenye andiko, na akaiamini, fedha yake itanunua hatari.

Mtego wa pili uko madukani. Siku hizi maduka makubwa ya jiji yanauza maziwa yaliyoandikwa kwamba hayana laktosi. Hayo ni maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa laktesi kiwandani, sukari ikakatwa tayari. Yanamfaa sana mwenye tumbo la kukataa, ila bei yake si ya uswahilini. Lakini protini zote zimo. Mzazi mwenye mtoto wa aleji anayeyanunua akidhani amepata suluhisho anamlisha mwanawe kitu kilekile kinachomdhuru. Katika yote tuliyoandika humu, tunaomba hili lisisahaulike.

Mtego wa tatu ni jiko. Kuchemsha maziwa ni lazima, kwa sababu huua vijidudu vya kifua kikuu na brusela na vingine vingi, lakini hakuondoi laktosi, na kaseini huvumilia moto. Maziwa ya unga nayo ni maziwa yaliyokaushwa tu. Biskuti, keki, mikate ya maziwa, baadhi ya uji wa lishe wa pakiti, hata chakula cha dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali kinachofanana na siagi ya karanga, vina maziwa ya unga. Upande wa pili, wali wa nazi hauna neno kwa hali zote mbili. Tui la nazi si maziwa ya mnyama, ingawa kwenye makopo ya ng'ambo huandikwa "maziwa ya nazi" na kuwatisha wazazi bure.

Mtego wa nne ni wa mtindi, na huu una sura mbili. Kwa mwenye kutostahimili laktosi, mtindi ni rafiki. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi, na wale walio hai huendelea kusaidia kuikata ndani ya tumbo. Samli karibu haina laktosi kabisa, na jibini gumu lina kidogo sana. Wazee wetu waliokula ugali na maziwa mgando walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hili bila maabara. Lakini kwa mwenye aleji, mtindi ni sumu sawa na maziwa freshi, kwa kuwa protini hazijaenda popote. Sharika iliyobadili maziwa kuwa mtindi ili "kila mtoto apate" imewasaidia watoto wengi, ila haijamsaidia yule mmoja.

Kabla ya kulaumu tumbo, tuangalie pia ndoo. Maziwa yanayosafiri kwenye madumu ya plastiki juani kutoka Bunju hadi mjini, yakiongezwa maji yasiyochemshwa njiani, yatamharisha mtu yeyote. Watoto kumi wakihara siku moja, tatizo ni usafi wa maziwa.

"Maziwa huua sumu"

Imani hii imeenea sana jijini. Mafundi rangi na wafanyakazi wa viwanda vya vumbi hupewa maziwa ili kusafisha kifua, na mtu akila kitu kikamdhuru, jambo la kwanza nyumbani ni kumnywesha kikombe cha maziwa. Fikirini basi mtoto wa aleji aliyekula biskuti yenye maziwa, akavimba midomo, na jirani mwema akamkimbilia na maziwa. Tunasema wazi: mtoto aliyevimba ghafla au anayepumua kwa shida asipewe maziwa, asipewe chakula wala kinywaji chochote.

Apelekwe hospitali mara moja, kwa bajaji, kwa teksi, kwa gari la mchungaji, chochote kilicho karibu. Njiani alazwe na miguu iinuliwe, lakini anayehema kwa shida aachwe akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini inayodungwa kwenye msuli wa paja, na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wanaifahamu. Vidonge vya Piriton hupunguza kuwasha, lakini havifungui njia ya hewa iliyoziba, kwa hiyo kamati isimpe mtoto Piriton na kumrudisha darasani. Kila chekechea ijue sasa, kabla ya siku hiyo, ni kituo gani kilicho karibu kina adrenalini. Mwenyekiti wa kamati anaweza kwenda kuuliza wiki hii hii.

Mtoto anayenyonya

Kwa akina mama wenye watoto wachanga tungependa kusema zaidi, maana hapa ndipo maneno ya mitaani yanapoumiza. Mtoto akihara, mama huambiwa maziwa yake ni mabaya, au mtoto amebemendwa, na ananyang'anywa ziwa. Sasa mama huyu akisikia kwenye semina kwamba kuna watu wasiostahimili laktosi, na kwamba maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, anaweza kupata sababu mpya ya kumwachisha. Hapana. Mtoto mchanga anayo laktesi. Wanaozaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa ni nadra mno duniani.

Kinachotokea mara kwa mara ni hiki. Kuhara kukali, kama kule kwa rotavirusi, huchubua ukuta wa utumbo ambako laktesi hukaa. Kwa siku kadhaa au wiki chache mtoto anaweza kushindwa laktosi, kisha ukuta ukipona uwezo hurudi. Utapiamlo nao hufanya hivyo. Hata wodi za utapiamlo huzingatia jambo hili: maziwa ya tiba ya kuanzia, yaitwayo F-75, yana laktosi kidogo sana kuliko F-100 yanayofuata mtoto anapopata nafuu. Kwa mtoto wa nyumbani anayenyonya, maelekezo ni kuendelea kunyonyesha, kumpa maji yenye chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki, na kumfikisha kituo cha afya. Chanjo ya rotavirusi ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013 ni ya bure, na kamati za wanawake zihimize kadi za kliniki zikamilike.

Inawezekana kweli mtoto anayenyonya tu akapata aleji, kwa sababu protini za maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hupita kidogo kwenye ziwa lake. Hata hapo haachishwi. Mama ndiye anayeacha maziwa ya ng'ombe kwa muda, kwa ushauri wa daktari.

Mzazi akija, aulizwe nini?

Tunarudi kwa yule mzazi mlangoni. Asifutwe na asipuuzwe, aketishwe na aulizwe. Alipokunywa, ilichukua muda gani? Alikunywa kiasi gani? Shida ilikuwa tumboni tu, au ngozi, midomo na pumzi vilihusika? Mtindi unamfanyaje? Na ilianza akiwa na umri gani?

Mtoto wa miaka 9 anayejaa gesi akinywa vikombe viwili, na hana neno akila mtindi, huyo maziwa yanamkataa tu. Apewe nusu kikombe pamoja na uji, au apewe mtindi, na asiondolewe kwenye mpango. Nyumbani, mzazi anaweza kuacha maziwa wiki mbili, kisha kurudisha kidogo kidogo na kuona mwisho wake uko wapi. Kipimo cha pumzi kipo kwenye hospitali kubwa za dunia, lakini zahanati zetu hazina, na kwa tatizo hili jaribio la nyumbani linatosha.

Lakini kama jibu lolote limegusa ngozi, midomo, pumzi au kuzimia, hata mara moja tu, jaribio hilo ni marufuku. Mtoto asipewe maziwa ya aina yoyote, na mzazi aelekezwe kumpeleka kwa daktari wa watoto, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya Mwananyamala au Temeke, kwa uchunguzi. Jina lake libandikwe jikoni. Awe na kikombe na kijiko chake, na uji wake uchotwe kwanza kabla maziwa hayajaingia sufuriani. Hili la mwisho halina gharama yoyote.

Kuhusu bajeti, sharika kadhaa zimeuliza kama wahisani wanaweza kuruhusu sehemu ya fungu la maziwa itumike kwa chakula kingine kwa watoto wasioweza. Maoni yetu ni kwamba wanapaswa kuruhusu, na tutawaandikia hivyo. Maziwa hutolewa kwa ajili ya protini na madini ya chokaa ya mifupa, na vyote viwili vimo kwenye dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Dagaa waliokaushwa vizuri na kusagwa unga, kijiko kimoja kwenye bakuli la uji, wanapatikana soko lolote la Temeke kwa bei ambayo kamati inaimudu. Ufuta, soya na maharage huongezea. Ila samaki, soya, karanga na ufuta navyo vina watu wake wa aleji, hivyo maswali yale yale yaulizwe kabla ya kubadili chakula. Kwenye fomu ya kuandikisha watoto tumeongeza mstari wa "Chakula kinachomdhuru, na dalili zake". Sharika ambazo bado zinatumia fomu za zamani ziandike mstari huo kwa mkono, na makatibu walete nakala ofisini pamoja na taarifa ya robo mwaka.